Mgongo wa Mkwe Wangu Mjini Quito

Mkwe wangu nilimjua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso, na nusura mgongo huo umgharimu binti yangu mtoto. Anayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe leo nacheka, lakini siku ile sikuwa na kicheko hata cha kuazima.

Mimi ni fundi wa kushona. Sare za shule ndizo zilizonilisha Kitale miaka yote hii, lakini nilizaliwa Sirisia, upande wa Bungoma, katika boma ambalo heshima ya ukwe haikuwa jambo la mchezo. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, wala hawatazamani usoni. Jina lake hulitamki. Mama yangu alipomwona mume wangu akija upande wetu sokoni, alikuwa anazama nyuma ya magunia ya kabichi na kuninong'oneza, "Wacha nijifiche, mkwe anapita hapo balabalani." Nilimcheka sana enzi hizo. Kisha nikazeeka, na mambo yale yale niliyoyacheka yakawa yangu.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikwenda kusoma Quito, huko Ekwador, Amerika Kusini, akaolewa huko huko na mwenyeji. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ile ilikaa sana. Hakuna mzee aliyekuja kwetu kuketi, hakuna aliyeuliza huyu ni mtoto wa nani. Sikwenda harusini. Nilipotumiwa picha kwa simu nilizitazama, ndiyo, lakini nilitazama gauni. Nilikagua pindo, nikakagua kiuno, nikaona wamelibana vibaya kwapani. Kila uso wa bwana harusi ulipojitokeza nilisukuma picha kwa kidole gumba. Sehemu ilikuwa heshima, na sehemu, nikisema ukweli, ilikuwa ukaidi.

Halafu mimba yake ya kwanza ikatoka, na ya pili ikatoka. Ya tatu ilipofika miezi saba presha ikampanda, daktari akamwamuru alale kitandani na asiinuke ila kwenda msalani. Alinipigia simu akilia. Hasira zangu zote nikazikunja, nikafunga duka, nikaenda.

Mkwe wangu alinipokea uwanja wa ndege usiku. Nilikuwa nimejiandaa: kama angekuja na mikono wazi, kama wanavyofanya watu wa huko, ningejua namna ya kumkwepa. Lakini hakuja. Alisimama kando na kichwa amekigeuza, akasema kitu kifupi kwa Kihispania, akachukua sanduku langu na kutangulia. Hakunitazama hata mara moja. Ungedhani ningefurahi, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa. Badala yake nilichukia. Nikajiambia moyoni, huyu ana kiburi, ananiona takataka. Nikamfuata nikitazama mgongo wake, koti la sufu la kahawia, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Macho ya fundi hayalali.

Nililala kwa jirani wa chini, mama mjane ambaye binti yangu alimwomba chumba, kwa sababu alijua siwezi kulala katika nyumba ya mkwe. Asubuhi nikapanda hadi kwa binti yangu, orofa ya tano, jengo la zamani lisilo na lifti. Nilifika juu nikihema. Kitale kuko juu, lakini Quito kuko juu zaidi, na hewa yake ni nyembamba. Nilimkuta amelala kwa ubavu, miguu imevimba, tumbo limekaa juu.

Nilikaa karibu naye kama saa moja hivi. Akachoka kutazamwa.

"Mama, si utoke tu uone mji? Umevuka bahari yote ukuje kuniangalia nikipumua?"

"Nitatoka na nani?"

"Na yeye. Ameomba ruhusa kazini, anangoja huko chini."

"Nitatembeaje na mkwe mjini, wewe?"

"Mama, bana. Hapa si Sirisia. Na mrudi saa nane. Ati mkichelewa, nitavaa viatu nikuje kuwatafuta mwenyewe."

Alicheka. Mimi sikucheka. Huyu ni mtoto ambaye, akiwa darasa la pili, nilichelewa kurudi kutoka kuchukua vitambaa Kachibora, naye akatoka nyumbani peke yake kwa miguu, mvua inanyesha, kunitafuta. Walimkuta kilomita nne nje ya mji. Anachosema anafanya. Orofa tano za ngazi, na daktari amesema hata ngazi moja ni nyingi.

"Saa nane tutakuwa hapa," nikamwambia. "Usitoe hata mguu mmoja kitandani."

Kwa hiyo tukatoka. Yeye mbele, mimi nyuma, hatua kama kumi na tano kati yetu. Mkoba wangu, wenye simu na kikaratasi cha anwani, binti yangu alikuwa amesema mumewe aubebe ili nisilemewe na milima. Sikubisha. Nilikuwa na mikono mitupu na macho mawili, na niseme ukweli, kwa saa moja na nusu nilifurahi.

Mji ule umelala ndani ya bonde na kupanda kando zake zote mbili. Barabara zake za zamani ni za mawe, nyembamba, nyingine zimesimama wima mpaka zimegeuzwa ngazi. Juu ya kilima kimoja kuna sanamu kubwa ya Bikira Maria mwenye mabawa, unaiona kila ukiinua kichwa. Upande mwingine mlima wenyewe umejifunika wingu, nikaukumbuka Elgon wetu asubuhi za Julai. Wanawake wa kofia nyeusi walipita na watoto mgongoni, wamewafunga kwa shuka kwa namna ile ile yetu, fundo kifuani. Mmoja alinitazama, nikamtazama, tukacheka bila sababu.

Mkwe wangu akifika kwenye kona alisimama, mgongo ukiwa kwangu, akangoja asikie nyayo zangu, kisha akaendelea. Hakugeuka. Nikazidi kujiambia, kiburi.

Tuliingia mtaa wenye watu wengi, na hapo ndipo nilipoponzwa na mahindi. Mama mmoja alikuwa na sufuria la mahindi ya kuchemsha, punje zake nene kama jino la ng'ombe. Mimi natoka Trans Nzoia, kwa watu wa mahindi, na sijawahi kuona punje za aina ile. Nikainama. Nikaligeuza gunzi, nikahesabu mistari, nikataka kuuliza mbegu yake inaitwaje na inakaa miezi mingapi shambani. Nilikuwa sina Kihispania, yeye hana Kiswahili, lakini wakulima hawashindwi kuelewana. Akanimenyea punje tatu nionje.

Nilipoinua kichwa niliona koti la kahawia likikata kona. Nikakaza mwendo.

Nililifuata koti lile kupitia mitaa mitatu. Lilipanda ngazi, nikapanda, moyo unanidunda masikioni. Lilipita chini ya tao, nikapita. Nilikasirika kwamba safari hii hakusimama kwenye kona kunisubiri. Nikasema peke yangu, sasa huyu anataka niache pumzi yangu huku. Jua lilikuwa limewaka kali, jua la mlimani linalochoma ngozi huku upepo ukiwa baridi. Ngazi zilipokwisha, pakawa tambarare, na kwa mara ya kwanza nikaliona koti lile vizuri kutoka nyuma.

Mabega yalikuwa sawasawa.

Nilisimama pale pale. Mtu yule akaingia mlangoni mwa duka la vyombo na kuvua kofia, mzee mwenye upara. Sikuwahi kumwona maishani mwangu. Lakini baridi iliyonipata haikutoka kwa mzee huyo. Ilitoka kwa wazo lililofuata: hata kama mkwe wangu angekuwa amesimama mbele yangu wakati ule, uso kwa uso, nisingemjua.

Nikageuka nirudi kwa mama wa mahindi. Nilishuka ngazi, sikuona tao. Nikaona tao jingine. Nikapita, nikatokea mtaa wa maduka ya mishumaa na sanamu za watakatifu. Nikarudi, mtaa ukawa mwingine. Mimi ambaye Kitale ningeweza kuizunguka nimefumba macho sikujua hata upande niliotokea. Ile sanamu ya mabawa kilimani, niliyodhani ingenisaidia, niliiona kutoka kila pembe, na kila pembe ilionekana vile vile. Mwishowe nikatokea kwenye uwanja mkubwa wa mawe, mbele ya kanisa jeupe lenye minara miwili, njiwa wamejaa. Saa ya ukutani pale ilisema saa saba na dakika ishirini.

Nikaanza kupiga hesabu ya mtoto wangu. Saa nane ataanza kutega sikio. Saa nane na robo atapiga simu ya mumewe. Mume atamwambia nini? Akisema ukweli kwamba amempoteza mama yake mji mgeni, presha itapanda papo hapo. Asipopokea, saa nane na nusu yule binti atashusha miguu kitandani. Nilimwona, nakuambia, nilimwona ameshikilia chuma cha ngazi, orofa ya tano, ya nne. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa.

Askari mmoja mwanamke alinijia. Nadhani mtu wa kutokwa machozi huku amekaa wima huonekana. Hakujua Kiingereza, lakini simu yake ilijua: akizungumza Kihispania, simu inasema Kiingereza, nami nikijibu Kiingereza changu cha shule, inageuza. Nikamwambia nimepotezana na mtu.

"Mtu gani?" simu ikauliza.

"Mume wa binti yangu."

"Yukoje? Mrefu, mfupi? Ana ndevu? Ana miwani?"

"Ana koti la kahawia. Bega la kulia limeshuka."

Askari alisubiri niendelee. Kisha akasema kitu, na simu ikatamka kwa sauti yake isiyo na haya: "Uso wake ukoje, mama?"

"Sijui."

Alinitazama kwa makini. Niliyaona mawazo yakipita kichwani mwake moja moja: mama huyu amechanganyikiwa, mama huyu ametoroka hospitali. Na ungemlaumu? Nani hutembea asubuhi nzima na mtu ambaye hajui sura yake? Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu ni heshima, simu ikageuza maneno yangu ikatoa sijui nini, na askari akakunja uso zaidi.

"Basi jina lake," akasema. "Nitatangaza kwa redio."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokufa. Jina nililijua. Binti yangu alilitaja kila Jumapili kwa simu miaka mitatu. Lakini sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu jikoni, na hata nikimgombeza. Kwetu mkwe huitwa baba wa fulani, kwa jina la mtoto wake, ndiyo njia ya kupita kando. Huyu hakuwa baba wa mtu bado. Mtoto ambaye angenipa jina la kumwitia alikuwa kule juu, orofa ya tano, tukimlinda asizaliwe kabla ya wakati.

Nikatikisa kichwa. Askari akapumua. Akanyoosha simu kwangu, amefungua mahali pa kupigia. Kuna mtu mwingine wa familia? Nambari?

Nambari ya binti yangu naijua kuliko ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa. Niliichukua simu. Nikaandika tarakimu tano. Saa ya kanisa ilikuwa imefika saa nane kasoro dakika tano. Nikajiuliza nitaanzaje. Mwanangu, usishtuke. Nani husikia neno hilo asishtuke? Mimba ya pili alikuwa amelala vile vile, na ilikuwa simu ya habari mbaya kutoka nyumbani, ya msiba wa baba yake, iliyomwinua kitandani. Aliyempigia nilikuwa mimi. Jambo hilo hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi.

Nikazifuta zile tarakimu. Nikamrudishia askari simu yake.

Kisha nikapanda ngazi za kanisa mpaka juu kabisa, nikageukia uwanja, nikajaza kifua hewa yote niliyoweza kuipata katika mji ule, na nikaliita jina la mkwe wangu.

Mara ya kwanza lilitoka limepasuka. Ya pili likatoka zima. Ya tatu njiwa waliruka wote. Mimi, mwana wa Sirisia, mama wa makamo, nimesimama mlangoni mwa kanisa la watu nikipaza jina la mwanamume aliyeoa binti yangu, na aibu ilinipanda kutoka unyayoni kama uji unaofura. Nikaliita tena. Ikiwa mama yangu alisikia huko alikolala, atanisamehe akitaka.

Jina lenyewe huko ni la kawaida sana. Wanaume watatu au wanne walisimama. Mpiga rangi viatu aliinua kichwa, mzee mmoja akashusha gazeti, kijana mwenye aiskrimu akajiuliza kwa kidole kama ni yeye. Nikawakazia macho mmoja mmoja, nikiwasihi nyuso zao ziniambie kitu. Hazikuniambia. Uwanja mzima ulinigeukia: wauza maua, watawa wawili, watoto wa shule, askari wangu. Wote walinitazama.

Mmoja hakunitazama. Karibu na chemchemi alisimama mwanamume mwenye shati jeupe lililolowa jasho mgongoni, koti amelitupa begani, mkoba wangu mkononi. Niliposema jina lile aligeuka upande ghafla, akainamisha kichwa, akaweka kiganja kwenye paji la uso kuficha macho yake. Akabaki hivyo, hasogei. Ndivyo wakwe wa kwetu wanavyofanya wakikutana na mama mkwe njiani, na hakuna mtu katika Ekwador nzima angeweza kujifunza jambo hilo isipokuwa amefundishwa na mtu wa Bungoma.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kichwa kilichogeuzwa uwanja wa ndege. Mgongo kwenye kila kona. Alikuwa akifundishwa, usiku baada ya usiku, na mwanamke aliyelala kwa ubavu: usimtazame mama, usimpe mkono, tangulia, usigeuke. Naye mgeni wa watu alikuwa ameshika kila neno, na mimi nikamwita mwenye kiburi.

Nilishuka ngazi. Aliposikia nyayo zangu alirudi nyuma hatua mbili ili anipishe. Nikazifuata hatua hizo mbili. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amekimbia mitaa mingi sana. Na katika mkono wake mwingine simu yake ilikuwa inalia, na juu yake picha ya binti yangu. Hakuwa na ujasiri wa kuipokea, kama mimi nilivyokosa ujasiri wa kuipiga.

Akainama ili aiweke simu juu ya mawe, niiokote mwenyewe, mikono yetu isikutane.

Niliishika kabla haijafika chini. Niliishika pamoja na mkono wake, na nikaushikilia. Aliinua macho kwa mshtuko. Ana macho ya rangi ya chai ya rangi, na kovu dogo kwenye nyusi, na ni mtoto tu, jamani, ni kijana wa watu aliyekuwa anaogopa. Simu nikaipokea kwa mkono wa pili, nikasema ni mimi.

"Mama?" sauti ya binti yangu ilikuwa inahema. "Mko wapi? Mbona hashiki simu? Nini mbaya?"

"Hakuna kibaya. Wewe uko wapi?"

"Nimekaa. Nilikuwa navaa viatu."

"Vua."

"Mama, niambie ukweli. Nilimwambia akae mbali na wewe, na wewe nakujua. Mmepotezana, si ndiyo?"

"Tulipotezana," nikasema. "Sasa niko naye. Nimemshika mkono."

Nilimsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili, nami nikazidi kuukaza ule mkono uliokuwa mkononi mwangu, baridi na umelowa. Kisha nikasikia viatu vikianguka sakafuni, na kitanda kikilia alipojilaza.